Kiti cha Kwanza, Karibu na Mlango

Siku niliyoingia uwanjani kwa mara ya kwanza, kocha wetu alipinda shingo na haikunyooka mpaka Jumatatu.

Kuna watu mpaka leo wanaamini nilimroga. Wengine wanasema aliyemroga ni bibi yangu. Hao wa pili wamekaribia ukweli.

Vuteni viti niwape kisa kizima. Ila asikae mtu kati ya dirisha na mlango, mtaelewa mbele ya safari.

Naitwa Vukašin. Mita mbili na ushee, kilo mia na thelathini, mtoto wa Gornja Krušica, kijiji cha wakulima wa rasiberi magharibi mwa Serbia. Kwetu mtoto akizaliwa na miguu mirefu, mkunga anauliza atachezea timu gani ya kikapu kabla hajauliza jina.

Basi nami nikapata timu. Daraja la pili, mji mdogo, ukumbi wa enzi za babu zetu. Mkataba wa mwaka mmoja. Kijijini walichinja nguruwe.

Halafu nikakaa benchi.

Nikakaa tena. Nikakaa mpaka suruali ya traki ikaanza kung'aa kwa nyuma.

Kulikuwa na jambo moja tu lililonipa moyo. Kocha Gvozden alinikalisha karibu naye. Kiti cha kwanza changu, cha pili chake, halafu wenzangu wote wanafuata mpaka mwisho kabisa kwenye ndoo ya mataulo.

Na benchini kila mtu anajua, anayekaa karibu na kocha ndiye anayefuata kuingia.

Nikiinuka nipashe misuli, ananishika mkono. "Kaa, mwanangu. Nakuhitaji hapa."

Nikiinama kufunga kamba za viatu, anashtuka. "Kaa wima, Vukašin. Tanua mabega. Hivyo hivyo, usisogee."

Nikajiambia, huyu jamaa ananijenga kisaikolojia.

Sasa huko nyumbani bibi yangu, Stamena, alikuwa hakosi mechi kwenye televisheni ya mkoa. Akaona wenzangu wanakimbizwa jasho linawatoka, mjukuu wake katulia bega kwa bega na mkubwa. Akatoa hukumu yake mwenyewe. Akatangaza kanisani na dukani kwamba mimi nimekuwa msaidizi wa kocha.

"Bibi," nikampigia simu, "mimi ni mchezaji wa akiba."

"Ndiyo, wamekuweka akiba. Takataka nani anaiweka akiba?"

Nikaachia hapo. Kubishana na bibi ni kujichosha bure.

Mechi za ugenini zilinitatiza kidogo. Tukifika kwenye ukumbi wa watu, kocha anatangulia peke yake. Analamba kidole, anakiinua juu, anasimama kimya. Mimi nilidhani anasali. Kisha anageuka na kuninyooshea kiti, "Leo unakaa pale."

Kuna ukumbi mmoja alilamba kidole, akazunguka nacho kila kona, akatabasamu. Akaniambia leo nikapumzike kwenye basi.

Nikapumzika. Nilikuwa mjinga kweli.

Ikabaki mechi moja msimu uishe, nayo ni ya nyumbani. Mwenyekiti wa klabu akaja mazoezini, tumbo mbele, akasema maneno machache.

"Atakayemaliza msimu bila kukanyaga uwanja, mkataba wake hauongezwi. Hapa hatufugi sanamu."

Wote wakanigeukia mimi.

Maana yake nisipocheza mechi hiyo moja, narudi kwenye rasiberi za baba, nikachume nikiwa nimepiga magoti, maana nikisimama sizifikii. Na bibi alikuwa ameshakodi basi. Kijiji kizima kinakuja kumwona msaidizi wa kocha.

Nikamfuata Relja, nahodha wetu. Nilimkuta kwenye duka la bureki, zile pai za nyama, ng'ambo ya barabara, mafuta mpaka kwenye viwiko.

"Kaka, nisaidie. Nifanye nini kocha anichezeshe?"

Relja akaacha kutafuna. "We Vukašin. Hivi kweli hujui?"

"Kujua nini?"

"Ule mlango, bwana."

Ni hivi. Kando ya kiti changu kuna mlango wa dharura wa kutokea nje. Mbao zake zimevimba kwa mvua, haufungi mpaka mwisho. Upande wa pili wa ukumbi, ukitazamana nao uso kwa uso, kuna mlango wa watazamaji, na huo uko wazi mechi nzima.

Mlango huku. Mlango kule. Kocha katikati.

Nikajifunika shingo kwa kiganja.

"Promaja," nikasema kwa sauti ya chini.

"Promaja," akaitikia Relja, akajifunga zipu ya koti mpaka kidevuni.

Ambaye si wa kwetu atacheka. Lakini upepo unaopita kati ya matundu mawili yanayotazamana ndio unaotumaliza sisi. Shingo, figo, meno, masikio, hauchagui. Babu yangu alirudi vitani mzima, akaja kuangushwa na dirisha la jikoni. Hivyo ndivyo bibi anavyosimulia. Daktari ana maelezo yake.

"Yaani msimu wote huu mimi ni pazia?"

"Pazia zuri," akasema Relja, akinishika bega. "Kabla yako alikuwepo Bogoljub. Akapata mchumba, mchumba akamwanzishia saladi, jamaa akapungua hata huamini ni yeye. Wiki hiyohiyo kocha akaanza kuumwa sikio. Bogoljub hatukumwona tena."

Nilikasirika, tena sana. Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilimwelewa kocha. Ningekuwa mimi, ningetafuta mnene kuliko mimi.

Ila hasira zikishuka akili inapanda. Nikapiga hesabu zangu. Upepo ukikoma, pazia halina kazi. Pazia likikosa kazi, kocha atalazimika kuniona kama mchezaji. Niliona nimemaliza kila kitu.

Asubuhi ya mechi nikaingia ukumbini na randa ya baba. Nikaung'oa ule mlango, nikauranda pembeni, nikaupaka sabuni kwenye bawaba, nikaurudisha. Ukafunga barabara, hata karatasi haipenyi.

Jioni kocha akaja, akalamba kidole, akakiinua.

Akalamba tena.

Akakitazama kile kidole kwa wasiwasi, kama mtu ambaye saa yake imesimama. Akaenda mlangoni, akapitisha kiganja ukingoni kuanzia juu mpaka chini. Uso ukamjaa furaha ambayo sikuwahi kuiona hata siku tuliyoshinda.

"Vukašin, mwanangu," akasema kwa upole. "Leo nenda kakae kule mwisho."

Kule mwisho, kwenye ndoo ya mataulo.

Hapo ndipo nilipoona akili yangu inapoishia. Nilikuwa nimejiachisha kazi kwa mikono yangu mwenyewe. Mchezaji sikuwa, na sasa hata pazia sikuwa.

Mechi ikaanza. Watu wa Krušica walikuwa wamejaza kona nzima, wana trei za pita ya jibini, pai ya kwetu, magotini. Katikati ya kelele zote nikasikia sauti moja ninayoijua tangu tumboni.

"Kwa nini mjukuu wangu kakaa na mataulo?"

Mapumziko hayajapita hata dakika mbili, bibi huyu hapa. Kawapita walinzi, kaja moja kwa moja.

"Nani kakushusha cheo?"

"Bibi, sikuwa na cheo. Nilikuwa nakaa pale nizuie upepo wa mlangoni usimpige kocha."

Nilitegemea anionee huruma. Bibi akashika shavu.

"Ulikuwa unamkinga mtu na promaja," akasema polepole. "Na mimi mjinga nikawaambia watu msaidizi tu."

"Bibi, sikiliza…"

"Kazi ya heshima ile. Nani kaufunga huo mlango?"

"Mimi. Kwa randa ya baba."

Alinitazama kwa macho ya mtu aliyelea bure. Akanipandisha zipu ya traki mpaka kidevuni, akanishikisha kipande cha pita, akaondoka bila neno.

Nilipaswa kujua. Bibi akinyamaza, kuna jambo linapikwa.

Mechi ilikuwa ya kufa na kupona. Dakika ya mwisho tunaongoza kwa pointi moja, wapinzani wana mpira, na Relja anapigiwa filimbi. Faulo yake ya tano. Nje.

Kocha akasimama achague mtu wa kuingia. Mtunza meza, anayeandika wanaoingia na kutoka, katega sikio, anasubiri jina.

Wakati huohuo mlango wa dharura ukafunguka wazi kabisa.

Ni bibi. Mwanamke anayelala na skafu hata Agosti, mwanamke aliyenifukuza jikoni utoto wangu wote kwa kosa la kuacha dirisha wazi. Alikuwa amezunguka kwa nje, kaomba ufunguo kwa mlinzi, kauvuta mlango kwa mikono miwili. Kasimama kizingitini na leso kichwani imefungwa mafundo mawili.

Upepo wa Aprili ukaingia na kila kilichokuwa nacho. Kocha akageuza kichwa aone kulikoni, upepo ukampata hapohapo. Sisi wa benchi tulisikia shingo ikisema "ko".

Ikabaki hukohuko, inatazama mlangoni.

"Vukašin!" akapaza sauti. "Njoo! Njoo upesi!"

Mtunza meza akaitikia kwa kichwa, kashapata jina.

Jamani, sitawadanganya. Nilijua vizuri kabisa kocha ananiitia nini. Alinitaka kitini.

Nikakimbia mpaka pale. Kiti kiko wazi. Kocha anapapasa hewa kwa mkono, ananitafuta. Bibi anakionyesha kwa kidole, macho yanamng'aa.

"Kaa hapo, mjukuu wangu. Kaa kwenye nafasi yako."

Nilisimama mbele ya kile kiti. Nilikuwa na hofu. Msimu mzima nimetii, nimetanua mabega, nimekaa wima. Nikikaa tena, ndiyo basi.

Nikavua koti la traki, nikamzungushia kocha shingoni, nikamfunga mikono ya koti kwa mbele.

"Nisamehe, kocha."

Nikaingia uwanjani.

Relja tulipishana kwenye mstari. Akaniambia, "Usijitie ufundi. Simama tu."

Yaliyotokea kwenye benchi nilisimuliwa baadaye na Relja, ambaye alikuwa amelala chini anacheka.

"Mama," kocha akamwambia bibi, maana ndiye peke yake aliyekuwa anamwona, "nini kinaendelea huko?"

"Watoto wanakimbizana."

"Nani kaingia badala ya Relja?"

"Yule mnene."

"Yupi?"

"Wangu."

Kocha akafumba macho. "Anafanya nini?"

"Kasimama," bibi akasema. "Na wewe ulipaswa kuvaa skafu."

Kweli nilikuwa nimesimama. Kijana wao mmoja, mwepesi ajabu, akatupita mmoja mmoja. Akamzunguka wa kwanza, wa pili, wa tatu, akabaki analitazama goli la kikapu tu. Akanikuta mimi njiani.

Kuna wachezaji wanafundishwa miaka kusimama mbele ya mtu anayekuja kwa kasi bila kusogea wala kujikunja. Mimi kazi hiyo nilikuwa naifanya tangu msimu uanze. Wima. Mabega yametanuka. Sisogei.

Akanivaa kifuani, akarudi nyuma, akakaa chini na kuniangalia kwa mshangao.

Filimbi. Faulo ya mshambuliaji. Mpira wetu.

Wenzangu wakapasiana mpaka king'ora kikalia. Mimi mpira wenyewe sikuugusa hata kwa ncha ya kidole, lakini nilibebwa. Yaani walijaribu kunibeba. Nililia mbele za watu na sioni aibu kusema.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo tulimkuta kocha kalazwa kifudifudi, bibi anamkanda shingo kwa rakija, pombe kali ya matunda aliyoipika nyumbani. Nyingine alishampa ya kunywa.

"Mtu mzima na akili zako unashinda shingo wazi."

"Ndiyo, mama."

"Nitakufumia skafu ya sufu. Na usiivue hata bafuni."

"Ndiyo, mama."

Mwenyekiti akachungulia mlangoni. "Sanamu imekanyaga," akasema. "Mkataba upo."

Kocha akaongea akitazama sakafu, hakuwa na namna nyingine. "Uliniacha kwenye upepo, Vukašin."

"Ndiyo, kocha."

"Lakini koti ulinifunga."

"Ndiyo, kocha."

Bibi akamkanda, kocha akaguna. "Msimu ujao utasimama kule ndani. Mlango umepona, na skafu inakuja."

Nikaona hapo kila kitu kimekaa sawa.

Baada ya siku chache nikapiga simu nyumbani nisikie sherehe. Akapokea baba, sauti iko chini.

"Bibi yako hatoki nje. Anaona aibu kwa majirani."

"Aibu ya nini, baba? Si tulishinda?"

Akampa simu mwenyewe.

"Mjukuu wangu," bibi akasema, na huzuni aliyokuwa nayo ni ya kweli, "watu niliwaambia wewe ni mtu mkubwa, unakaa na kocha, unamlinda. Nikawaleta basi zima. Wamekuta umevuliwa koti, unagongwa na watoto."

"Bibi, sasa mimi ni mchezaji."

"Ndiyo nasikia." Akashusha pumzi. "Usikate tamaa. Ukijitahidi, watakurudisha kitini."

Funzo langu ni fupi. Siku ukiona mkubwa kakukalisha karibu naye na anakusifia mabega, kabla hujampigia bibi simu, geuka kwanza uangalie mlango uko wapi.