Wavu Ndani ya Gauni la Harusi

Kule Nansha, kusini mwa jiji la Guangzhou, mto unapokutana na bahari, maji hayajaamua kama ni ya chumvi au matamu. Ndani yake huelea wanyama wadogo kuliko punje ya mchele, wengi wao jamaa ya kamba. Wataalamu huwaita zooplanktoni. Masomo yangu yalinitaka niwavue kila mwezi, niwakaushe na kuwapima uzito. Mwezi mmoja ukikosekana, mwaka mzima una pengo.

Vitabu vyangu vilizungumzia milango ya mito ya nchi za baridi, ambako wanyama hawa hupungua wakati wa theluji na kufumuka jua linaporudi. Wa Guangzhou hawakuwa na subira hiyo. Nilimweleza dada niliyeishi naye, muuza nguo za harusi, Mkinga kutoka Makete: ukiwapima siku yoyote uzito ni mdogo, lakini huzaliana na kuliwa upesi mno.

"Kumbe mtaji mdogo, mzunguko mkubwa," akasema. "Hao ni Wakinga wenzangu."

Mkesha wa safari moja ya mashua, nilirudi jioni nikakuta kamba ya kuanikia iko tupu. Wavu wangu wa kuvulia, mweupe, mwembamba kama moshi, haukuwapo.

"Dada, wavu wangu?"

"Wavu gani? Pale kulikuwa na kitambaa cha shela tu."

Kisha akashika mdomo. Kabla ya kufunga mzigo, yeye hujaza kitu laini kwenye kifua cha kila gauni ili lisibonyee baharini. Mchana ule alikuwa amemaliza kujaza, na mzigo ulikuwa umekwenda ghalani kwa wakala wa meli. Tukakimbilia huko.

"Meiyou, meiyou," hakuna, alisema mwenye ghala kabla hatujauliza lolote.

"Laoban," dada akamsihi, kama wanavyoitwa mabosi wote huku, "mdogo wangu atafeli!"

Mwenye ghala akacheka, akachukua kisu, akakata utepe wa katoni ya kwanza.

Tulitoa magauni, moja baada ya jingine. Weupe ulijaa sakafuni, ukapanda hadi magotini, na feni ya ghala ikawa inaupuliza taratibu, kama tumesimama ndani ya mawingu. Kila kifua nilichopapasa kilikuwa na soksi au taulo. Sikusikia tena pikipiki za nje. Halafu vidole vyangu vikagusa pete ya chuma ya mdomo wa wavu.

"Bibi harusi huyu ana mbavu!" dada akapiga kelele.

Kesho yake wavu ulizama majini na kupanda na uji mwepesi wa rangi ya waridi. Maabarani, chini ya hadubini, niliona wanyama wangu wakielea katikati ya vimeremeta vya magauni, vya fedha na dhahabu, kila kimoja kikubwa kuliko wao. Vingeharibu uzito. Nikaanza kuvitoa kwa kibano, kimoja kimoja. Jike mmoja alipita akikokota vifuko vyake vya mayai, akaangaziwa na dhahabu, akapotea.

Nilimpigia dada. "Umewaozesha wanyama wangu."

"Na mahari yangu iko wapi?" akauliza, utepe wa katoni ukilia nyuma yake.

Walipokauka, niliwaweka kwenye mizani. Tarakimu ziliyumba, nikazuia pumzi, zikatulia. Walikuwa wepesi kama kawaida yao, na mwezi ule ulikuwa na uzito wake.