Chakula cha Alhamisi kwa Walinzi wa Verlin

Nawachukia wanaume wa mji wetu wa Oskell, na sioni kwa nini nifiche. Nimekua nao, nimevuna nao mahindi hapa Nebraska, lakini kwa walivyomtenda mpwa wangu Verlin Hruska, wamenitoka moyoni kabisa.

Verlin alikuwa mrushaji wa timu ya sekondari. Kwenye futiboli yetu ya Kimarekani, ya kurusha mpira kwa mkono, mrushaji ndiye roho ya timu: anakabidhiwa mpira, anatafuta mwenzake wa kumrushia, na wakati huohuo majitu ya upande wa pili yanamjia mbio kumbwaga chini. Mbele yake husimama walinzi watano wa kuyazuia. Verlin alijaliwa mkono ambao mji huu haujapata kuuona, ila walinzi wake walikuwa mizigo mitupu, na wale wa kudaka mpira walidaka kama waliopakwa mafuta viganjani.

Mzigo mkubwa kuliko yote ulikuwa Kirk, mwana wa Kocha Stroud. Yeye alilinda kushoto, yaani mgongoni mwa Verlin, upande asioweza kuuona anaporusha. Ukitaka kujua nani alimpa nafasi hiyo, kamuulize baba yake.

Kwetu, kila Alhamisi, siku moja kabla ya mechi, nyumba ya mrushaji huwalisha walinzi. Dada yangu Lavona ni mjane. Alitoka kiwandani miguu imevimba, akakanda unga, akaoka mikate ya nyama na kabichi. Majitu yetu ya ulinzi yakajaa jikoni.

"Mama Hruska, huu wa mwisho una mwenyewe?" Kirk aliuliza kila wiki, na mkate keshauuma.

Ijumaa, siku ya mechi, mimi hushika pembeni mwa uwanja mnyororo wa kupimia timu imesogea umbali gani, kwa hiyo sikusimuliwa. Kirk alimgusa mpinzani bega, akampisha, kisha akasimama mikono kiunoni kutazama Verlin anavyokandamizwa. Verlin aliinuka na majani kwenye kofia yake ngumu, akakwepa, akakimbia, akarusha. Tulishinda mechi ambazo hatukustahili hata kuzianza.

Tukishindwa, mtangazaji wa redio humpelekea mrushaji kipaza sauti, na mrushaji mwenye adabu husema, "Kosa ni langu." Verlin alilelewa vizuri, akasema hivyo. Basi yale mabwege yanayoshinda mkahawani yakaamini!

"Si mwenyewe kasema?" wakaambiana Jumamosi. "Anakaa na mpira mno yule. Mwoga."

Katikati ya msimu akaja bwana mmoja wa chuo kikuu, akaketi jikoni kwa Lavona. "Maliza msimu ukiwa mzima, kijana," alimwambia Verlin, "na utasoma kwetu bure." Lavona alilia hadi akasahau mikate kwenye oveni. Baba wa Verlin alikufa akiwa kibarua wa mashamba ya watu.

Nikamwendea Stroud. "Kocha, mtoe Kirk upande ule. Mtoto ataumia."

"Emil," akasema, "wewe shika mnyororo. Timu niachie mimi."

"Utamvunja."

"Futiboli si kufuma sweta, mzee."

Mechi ya mwisho, mshindi anaendelea na michuano ya jimbo. Verlin alicheza kama aliyepagawa. Wadakaji wake waliangusha mipira mpaka nikatukana, kitu ambacho mshika mnyororo haruhusiwi. Dakika zikiyoyoma, tuko nyuma, Verlin akarudi kurusha. Kirk hakumgusa mtu wake hata kwa kidole. Niliona lile jitu likimjia Verlin mgongoni, nikapiga kelele, wapi. Mpira ulishamtoka lilipomkumba na kumbwaga chini. Ukamwangukia mdakaji kifuani, ukanasa, tukashinda.

Mji mzima ukamiminika uwanjani. Walimruka Verlin pale chini wakaenda kumbeba kocha. Kirk alikuwa anacheza dansi. Bega la kulia la Verlin lilikuwa limevunjika, na kifundo cha mkono wa kushoto kimeteguka alipojizuia kuanguka. Bwana wa chuo akapiga simu kabla wiki haijaisha. Alisikitika sana, ila nafasi wamempa mwingine.

Alhamisi iliyofuata timu ilikuwa na mrushaji mpya, na walinzi walitakiwa kwenda kula kwake. Wakaja kwa Lavona!

"Kwa kina yule mpya watatulisha makaroni ya kopo," Kirk akasema mlangoni, bila haya.

Nikainuka nimtoe kwa teke. Lavona akanizuia. "Kaa, Emil. Ingieni, wanangu. Ketini."

Walipoketi, akaleta sahani moja tu ya supu, akaiweka mbele ya Verlin, ambaye mikono yake yote miwili ilikuwa imefungwa bandeji. Kisha akampa Kirk kijiko.

"Mlishe."

Kirk akacheka. Hakuna aliyecheka naye. "Mama Hruska, mimi nilikuja tu—"

"Najua ulikuja kula. Mlishe kwanza. Mimi wiki nzima namlisha, kisha nakwenda zamu."

Kirk akachota, supu ikamwagika kwenye shati la Verlin. Verlin akafungua mdomo, akala, akimkazia macho. Wenzake wakatazama sakafu. Nje baba yake Kirk akapiga honi, akapiga tena.

"Mama, baba ananisubiri," Kirk akasema, machozi yamemlenga, akataka kuweka kijiko chini.

"Asubiri," Lavona akasema. "Sahani haijaisha."