Fundi Anayeomba Kigoda Kwanza

Saa mbili na nusu asubuhi. Fundi ameketi kwenye kigoda jikoni kwa watu, mikono mapajani, na boksi la vifaa alivyoitwa kuvifunga liko miguuni pake, halijabanduliwa hata utepe. Ni saa nzima sasa. Ningekuwa mimi mwenye nyumba, ningeshaanza kukohoa.

Mwenye nyumba hakohoi. Ni bibi wa miaka sabini na minane, mjane, mshonaji mstaafu, na yuko katika shughuli zake. Anafuta meza, anawasha birika la umeme, anamimina chai kwenye kikombe kilichovunjika mkono. Kisha anafungua mlango wa nyuma na kuketi kwenye ngazi ya uani, juu ya mto wake, na kitambaa cha kudarizi. Hapo hakitikisiki kitu isipokuwa vidole.

Fundi anaandika maneno mawili kwenye daftari: birika, ngazi. Ndipo anapofungua boksi.

“Sasa nimeiona nyumba,” ananiambia mimi, mwandishi niliyefuatana naye.

Wenzake humwita Fundi Kigoda. Kila anapoitwa kuunganisha vifaa janja, iwe taa, kufuli au vihisi, mwanamke huyu huomba kigoda kwanza. Utani huo haumkeri. Wao hufunga nyumba tatu kwa siku, yeye tatu kwa wiki, na anakiri kuna miezi ambayo kodi humtoa jasho.

Tabia hiyo ilitokana na kosa. Miaka tisa iliyopita alifunga taa zinazojizima zisipoona mtu akijongea. Mwenye nyumba alikuwa mwalimu mstaafu, mpenzi wa vitabu. Kila mzee alipotulia kusoma, taa zilihesabu hayupo, zikazimika. Mwezi mzima alisoma huku akipunga mkono hewani kama anayefukuza nzi, kwa kuona haya kumlalamikia binti wa watu.

“Aliponisimulia nilicheka,” anasema Fundi Kigoda. “Nilipofika nyumbani nililia. Nilimfungia taa za mtu wa kutembea, kumbe yule ni mtu wa kukaa.”

Kwa bibi huyu jambo ni zito zaidi. Mwaka jana alianguka bafuni, akalala sakafuni hadi jioni. Binti yake, muuguzi anayefanya kazi upande wa pili wa mji, akawekesha vihisi sebuleni na chumbani. Vimeunganishwa na kisanduku kidogo, ambacho ndicho ubongo wa mfumo mzima. Saa tatu zikipita bila vihisi kuona mtu, simu ya muuguzi inalia.

Imelia mara tano ndani ya wiki sita. Mara zote tano muuguzi ameomba ruhusa kazini, amekuja roho mkononi, akamkuta mama yake uani, mzima wa afya, akidarizi. Mara ya mwisho alisema wazi: ikilia bure mara moja tena, mama atafungasha na kuhamia kwake, ghorofa ya nne, kusiko na ua.

Bibi ameishi humu miaka arobaini na moja.

“Simlaumu, anaogopa,” anasema, sindano haisimami. “Lakini mkinitoa hapa, mjue mmenitoa jumla.”

Fundi Kigoda anasema vifaa havikuwa na ubaya wowote. Aliyevifunga aliviweka mahali ambapo watu hudhaniwa kukaa, na hakuna aliyemuuliza bibi anakaa wapi.

Anachomeka soketi janja ya birika, inayojua likiwashwa, na kubonyeza kitufe hadi taa ya bluu inaanza kumetameta. Sasa kisanduku cha sebuleni kinapaswa kuitambua. Hakiitambui. Anajaribu tena, bado. Bibi ameacha kudarizi, na mimi nimeacha kuandika.

Fundi hana papara. Anaichomoa, anaipeleka sebuleni hadi kando ya kisanduku, kama mgeni anayeshikwa mkono na kutambulishwa kwa mwenyeji. Taa inatulia. Anairudisha jikoni, na kwa kuwa kuta ni nene, anaweka soketi nyingine koridoni ipitishe ujumbe hadi kwenye kisanduku. Uani hafungi kihisi mwendo, maana yale ya mwalimu hayajamtoka. Chini ya mto wa bibi anatandika mkeka mwembamba unaohisi uzito wa mtu.

“Na nikifia hapo hapo kwenye mto?” bibi anauliza.

“Nimelipanga hilo, bibi. Ukikaa saa mbili bila kuinuka, simu inalia.”

“Basi nitakuwa nainuka niizuge.”

“Hicho ndicho ninachotaka,” anajibu Fundi Kigoda.

Ujumbe utakaomfikia muuguzi kila birika likiwashwa au mkeka ukikaliwa, anamwachia bibi autunge. Bibi anafikiri, anataka usomeke hivi: Mama amechemsha maji. Mama yuko ngazini.

Narudi wiki mbili baadaye. Simu haijalia hata mara moja. Fundi Kigoda yuko jikoni akikagua mfumo, na ananieleza mpango wake. Anataka kufundisha mafundi sita, kikundi chake cha kwanza. Vigoda sita vimeshachongwa. Siku ya kwanza hatawaruhusu kushika kifaa chochote. Watakaa jikoni humu na kumtazama bibi akiishi. Bibi amekubali, ila amesema atakayekalia mto wake atamchoma sindano.

“Wakijifunza hilo, kuunganisha ni kazi ya dakika kumi,” anasema Fundi. Nakiri nilikuja kuandika habari za mitambo, na nilitaka kumkumbatia.

Mlango wa mbele unafunguliwa. Ni muuguzi. Bibi anajiweka sawa kwenye ngazi yake na kuuliza kama simu imelia.

“Haijalia, mama. Leo nina mapumziko tu.”

Muuguzi anavua viatu na kuketi ngazi ya chini. Kisha bibi anatugeukia mimi na fundi.

“Siku zote alikuwa anakuja kunikagua,” anasema. “Leo kaja kunisalimia.”