Programu Iliyokufa Mbele ya Wateja

Kadi zangu zilisema: "Candida, Injinia wa Kompyuta." Uinjinia huo nilijipa mwenyewe kwa mchapaji wa Kariakoo, baada ya kozi fupi na kitabu kimoja cha mtumba. Mwaka 2003 unaanza, nilikuwa na mteja mmoja tu, Mzee Devendra, muuzaji wa jumla wa vitambaa vya sare za shule Mtaa wa Msimbazi.

Nilimwandikia programu ya mauzo. Ilikaa kwenye kompyuta moja iliyotoka Dubai imeshatumika, na wauzaji wote waliitumia kwa pamoja, kila mmoja kupitia kompyuta ndogo iliyoungwa nayo kwa waya. Ndani yake kila muuzaji alikuwa na njia yake ya kuhudumiwa. Njia hizo wataalamu tunaziita nyuzi.

"Nyuzi?" mkewe, Mama Sarla, alishangaa. "Sisi hatuuzi nyuzi. Jaribu duka la jirani."

Nilitabasamu kitaalamu.

Wiki ya shule kufunguliwa, wateja walijaa hadi barazani, na programu ikafa. Ilitoweka tu kwenye kioo. Ukiiwasha inarudi, halafu inakufa tena.

"Injinia, vipi?" aliuliza Mzee Devendra.

"Umeme huu, Mzee. Unapanda na kushuka."

Akanunua stabilaiza. Ikafa. Nikasema vumbi, akaleta feni. Ikafa. Nikasema virusi, ingawa kompyuta yenyewe haikuwahi kuunganishwa na intaneti.

Kila ilipokufa niliwaondoa wauzaji wote, nikakaa peke yangu kama daktari wa upasuaji. Nikiwa peke yangu, programu ilikuwa na adabu zake zote. Natangaza imepona, natoka kunywa chai, na kabla sijakoroga sukari naitwa.

Mwishowe Nirali, binti wa Mzee Devendra na mmoja wa wauzaji, akakataa kuinuka.

"Dada Candida, mteja wangu anawahi basi la Morogoro. Sitoki!"

Nikakaa kwenye kompyuta ya pembeni, nimenuna. Akabonyeza kuchapa risiti. Nami kwa hasira nikabonyeza yangu papo hapo. Programu ikafa machoni pangu.

Masikio yaliniwaka moto. Muda wote ule nilikuwa naitafuta ajali ya watu wawili nikiwa mmoja!

Tukajaribu tena. Tukichapa kwa zamu, salama. Tukichapa pamoja, inakufa. Kuchapa kulitegemea kifurushi, yaani kipande cha programu kilichoandikwa na watu wengine, nilichokipakua intaneti kafe. Desemba nilikuwa nimeweka toleo lake jipya kwa sababu moja tu: namba yake ilikuwa kubwa zaidi. Toleo hilo halikuvumilia nyuzi mbili kuligusa kwa wakati mmoja. Nikarudisha la zamani kutoka kwenye flopi, tukabonyeza pamoja mpaka vidole vikachoka. Haikufa. Kwa kutojiamini tena, nikaziwekea risiti foleni: uzi mmoja uchape, mwingine usubiri.

"Kwa hiyo umeme ulikuwa mzima?" aliuliza Mzee Devendra.

"Mzima, Mzee."

"Na vumbi?"

"Halina kosa. Aliyeharibu ni mimi."

Mama Sarla ndiye aliyeanza kucheka. Mumewe alijikaza kidogo, kisha akashindwa.

"Basi wiki hii utashinda hapahapa," alisema. "Ikifa tena, utabeba majora."

Haikufa. Lakini wateja walikuwa wengi, nikabebeshwa majora ya kaki vilevile, huku Nirali akinipigia kelele nisiyaburuze sakafuni.