Nyota ya Saba ya Kilimia

Mama yangu na marehemu baba walibishana maisha yao yote ya ndoa kuhusu Kilimia, kile kishada cha nyota. Baba alihesabu nyota sita, mama saba. Kila mwaka Kilimia kilipoanza kuonekana mashariki jioni, walitoka uani kwetu Mugango, wakainua vidole na kuanza kesi upya. Sisi watoto tuliunga mkono upande ulioshika chungu. Hiyo ya saba, alisema mama, ni ndogo, imebebwa mgongoni na ile ya pembeni kabisa. Baba alimjibu kwamba anaona anachotaka kuona. Alifariki na sita zake.

Kisha mama akapata presha ya macho. Daktari alituambia wazi kwamba uoni uliopotea haurudi, na uliobaki utapungua polepole hata kwa dawa. Kilimia kilikuwa kimeshamtoka machoni. Alichoweza kuona bado ni kitu kikubwa, chenye mwanga mzuri, kikiwekwa karibu na uso. Akaniambia kwa sauti ile ile anayoniagizia chumvi:

"Wewe si una darubini ya kupigia picha? Niletee hizo nyota hapa karibu, nizihesabu kabla giza halijanifika."

Ninafundisha fizikia Musoma, na darubini hiyo niliachiwa na mwalimu mwenzangu alipohamishwa. Naipenda, ila kitako chake kinajua mambo mawili tu: juu na chini, kulia na kushoto. Mota yake huifuata nyota na kuishika katikati ya picha. Lakini anga halipandi ngazi namna hiyo, linazunguka. Ukiiacha kamera wazi muda mrefu, nyota ya katikati hutulia, na za pembeni huizunguka taratibu zikichora mikia. Nilikuwa nayajua hayo yote, na bado nikajifanya mjuaji. Nilisubiri Kilimia kipande juu kabisa, ambako hewa ni safi, nikaiacha kamera wazi dakika nzima ili ile nyota ndogo ishibe mwanga.

Mama aliisogeza picha puani. "Hizi zimelewa," akasema.

Ile ndogo ya pembeni, ambayo ndiyo tuliyokuwa tukiitafuta, ilikuwa imeburuzwa ikachanganyika na jirani yake, huwezi kusema ni moja au mbili. Niliikasirikia darubini, nikayakasirikia mawingu ya vuli, nikamkasirikia hata daktari, ambaye hakuwa amenikosea kitu.

Aliyenituliza ni kaka yangu, mvuvi wa dagaa. Yeye huingia ziwani usiku wa giza, mwezi usipokuwepo, na usiku huo huo ndio ninaoutaka mimi. Alinikuta nimenuna.

"Dada, kila siku unatafutaga sangara mmoja mkubwa," akanitania. "Vua dagaa kama sisi."

Alikuwa anacheka tu, lakini alikuwa amenipa jibu. Haba na haba hujaza kibaba. Nilipaswa kupiga picha fupi fupi za sekunde chache, kila moja imalizike kabla mkia haujaota, kisha kompyuta izigeuze na kuzipanga moja juu ya nyingine. Tena sikuwa na haja ya kungoja Kilimia kipande. Huku kwetu, karibu na ikweta, nyota za mashariki huchomoza zikipanda karibu wima, na kitako cha darubini yangu huziweza. Kule juu ndiko picha inakozunguka kwa kasi. Saa iliyonifaa ilikuwa ile ile ya jioni waliyokuwa wakibishania wazazi wangu.

Kumbe ndiyo saa kaka na wenzake wanayojaribu taa zao za kuvutia dagaa uani kwetu kabla ya kushuka ziwani. Nilimweleza kwamba mwanga wao ungeniharibia picha. Akawaambia wenzake wazime zote. Nyuma yetu ziwa lilikuwa limeshawaka taa za watu wengine, na dagaa hawamsubiri mtu, lakini wao walikaa juu ya nyavu zao gizani, wakipiga soga za chini chini, mpaka niliposema inatosha. Namshukuru kaka yangu kwa giza lile, na sidhani kama nitamaliza kumshukuru.

Picha niliisafishia studio ya mjini, kubwa kama trei ya chai. Mama alikaa mlangoni penye mwanga, akaileta usoni. Vinyota vidogo vidogo vilikuwa vingi, hakuvijali. Alipitisha kidole kwenye zile kubwa, moja hadi sita, kikasimama pembeni.

"Na huyu hapa mgongoni," akasema.

Aliniomba nimshike mkono. Tukazunguka nyuma ya nyumba, kwenye mihogo, alikolala baba. Nilikuwa nimeshaanza kulia. Yeye aliigeuza picha ikatazama msalaba.

"Nilikuwaga nakuambia," akasema. "Haya mzee, hesabu mwenyewe."