Siku Niliyomkamata Mwizi wa Jina Langu

Chekeni mapema tu, maana mtaa mzima wa Mlabani ulishanicheka kabla yenu na aibu yenyewe nimeshaizoea. Mimi Kalolo, niliyeanza kwa kusukuma baiskeli yenye magunia ya mpunga kutoka Lupiro mpaka nikanunua lori kwa jasho langu (darasa la nne nililiacha mwenyewe, hakunifukuza mtu), nilijikamata kwa wizi mbele za watu.

Miaka ile ya tisini kampuni moja ya kununua mpunga ilileta kompyuta Ifakara. Mashine yenyewe moja tu, imefungiwa kwenye chumba chenye baridi ya kuhifadhia maiti, halafu waya zinatoka kwenda kwenye vioo kama vya televisheni huku na huku, na kila mtu anaingia kwa jina lake. Sisi wenye malori tulipewa majina ili tuangalie zamu za kupakia. Aliyetufundisha ni binti wa ofisini, Skola, miwani kubwa kuliko uso. Akaniambia, "Mzee Kalolo, ukimaliza, iage mashine kwanza, ijue umetoka, ndiyo uondoke." Mimi sijawahi kumuaga hata mkuu wa wilaya, nije kuliaga bati?

Siku ya mkasa walikuja wakubwa wa kampuni kutoka Morogoro, kuchagua mtu mmoja wa kubeba mpunga wote wa ng'ambo ya mto, na mimi moyoni kazi nilishaichukua, hata lori la pili nilishalichagulia rangi. Asubuhi nikaangalia zamu yangu kwenye kioo cha ghalani, nikasikia wageni wamefika, nikabonyeza swichi, kioo kikawa cheusi, nikaondoka zangu. Kitu kikizimika si kimezimika?

Ofisini nikamkuta Skola anawaonyesha wageni namna mashine inavyoorodhesha watu waliounganishwa nayo saa hiyo hiyo, na kila mmoja yuko kwenye kioo kipi. Nikasogea, nikasoma herufi moja moja: Skola, ofisini. Mpima mizigo, mizani. Kalolo, ghalani.

Kalolo gani wa ghalani, wakati Kalolo nimesimama hapa?

Nikaona bahati yangu hiyo, niwaonyeshe wageni mwanaume anavyolinda mali. Skola akaanza, "Mzee, labda ulipotoka..." nikamkata, nikamwambia usomi wake ndio umeingiza wezi. Nikaagiza geti lifungwe, asitoke mtu, wapakiaji wote ndani, mama ntilie na masufuria yake ndani. Kisha nikamlazimisha Skola anifungulie mahali pa kumpelekea maneno mtu aliye kwenye kioo kingine (nilishamwona akiagiza chai kwa njia hiyo), nikaandika kwa kidole kimoja, jasho linanitoka: "Wewe Kalolo wa uongo, mbumbumbu usiyesoma." Kimya. Nikaandika, "Jibu kama mwanaume." Kimya. Nikaongeza la tatu, ambalo hapa siliandiki kwa sababu linamgusa mama yake.

"Anaogopa huyo," nikawaambia wageni, nikawaongoza ghalani kama bwana harusi.

Kiti kitupu, kioo cheusi, na juu ya kiti kofia. Nikaiinua watu wote waione, ushahidi huo, mwizi kakimbia kichwa wazi. Mpakiaji mmoja akasema polepole, "Mzee, si ndiyo uliyokuja nayo asubuhi?"

Skola akabonyeza swichi. Kioo kikawaka, juu zamu yangu ya kupakia kama nilivyoiacha, chini yake matusi yangu yamejipanga. Mkubwa wa Morogoro akayasoma kwa sauti, taratibu, mpaka lile la mama. Akanigeukia.

"Mzee Kalolo, na lori unaliegesha hivyo hivyo? Unazima taa, injini unaiacha inanguruma?"

Kazi akapewa mtu wa kijiji cha Mbingu, lori lake tairi ovyo, lakini akitoka mahali anaaga mpaka mlinzi. Habari zikavuka kivuko kabla yangu. Nilipofika Lupiro kwa mama, nikampa shikamoo, hakuitikia. Aliendelea kupepeta mchele wake, akauliza tu, "Ulisema nini kuhusu mimi?"

Tangu hapo naaga kila ninapotoka, hata redio naiambia kwaheri kabla sijaizima, na mtu nisiyemwona simtukani tena, huwezi jua mama yake ni nani.