Mama Mapasa Watatu

Programu yangu ya kwanza kutumiwa na watu wengine ilikuwa ya kuandika abiria wa boti moja inayotoka Bukavu kwenda Idjwi. Mwenye boti alitaka orodha itoke kwenye kompyuta badala ya daftari. Kila safari, nakala moja ya orodha hubaki bandarini. Ziwa likichafuka na boti isifike, karatasi ile ndiyo inayosema nani atafutwe na familia gani iitwe. Asiyeandikwa humo hana wa kumtafuta. Nililijua hilo tangu siku ya kwanza, na kwa sababu hiyo nilishindwa kumaliza.

Nikiri jinsi ninavyofanya kazi. Sikusomea kompyuta popote. Nilijifunza kwa vitabu nilivyopewa kwenye fleshi na kwa video nilizotazama vipande vipande. Kila ninapoandika mstari nahisi mtu aliyesoma vizuri amesimama nyuma yangu akitikisa kichwa. Programu ya boti niliifuta na kuianza upya mara nne. Mara ya tatu ilikuwa tayari inafanya kazi. Niliifuta kwa sababu majina niliyozipa sehemu zake hayakunipendeza.

Ndipo nikaamua kutafuta msaidizi wa akili bandia, wa aina ile inayokuandikia programu na kukuonyesha makosa yako. Nilichagua programu huria: msimbo wake uko wazi, yeyote anaweza kuusoma na kuubadilisha, na ukishaiweka kwenye mashine yako inafanya kazi hata bila intaneti. Nyumbani, mtaani Muhumba, nilimwambia mama kwamba naitaka kwa sababu ya intaneti. Ukweli ni kwamba nilitaka kumwonyesha kazi yangu mtu ambaye hangenicheka.

Faili kubwa, lile lenye akili yenyewe, lilichukua siku mbili kushuka. Umeme ulikatika mara tatu, na mara moja nililianza upya mwenyewe kwa hofu tu kwamba limeharibika. Lilipofika, nililinganisha alama zake za uhakiki na zile za kwenye ukurasa, herufi kwa herufi, kidole kikiwa juu ya kioo. Herufi na tarakimu sitini na nne. Nikalinganisha tena.

Kompyuta yangu ni ya zamani. Nilipoandika swali la kwanza, kwa Kifaransa, feni ilivuma, nikamenya ndizi tatu, ndipo jibu likaanza kutoka neno moja moja. Lilikuwa jibu zuri na la adabu. Lilisifu mpangilio wa msimbo wangu. Naona haya kusema jinsi nilivyofurahi.

Katika siku chache tulimaliza nilichoshindwa kwa miezi. Mwishoni nilimpa msaidizi kurasa kadhaa nilizonakili kutoka daftari la karani wa boti, mzee mmoja mcheshi ambaye sisi sote bandarini tunamwita papa, yaani baba. Nilinakili majina tu. Pembeni mwa baadhi ya majina papa huandika vitu vyake: nanasi, mukeka ya bleu, jino la dhahabu. Niliviacha, niliviona uchafu. Msaidizi akasoma, akaniambia kwamba jina moja linajirudia katika safari ileile, akauliza: nadhani ni makosa ya uandishi, niyaondoe kila orodha inapochapishwa?

Jina lenyewe lilikuwa Mama Mapasa. Kwetu mwanamke akizaa mapacha huitwa hivyo na kila mtu, sokoni, kanisani, mpaka kaburini. Mdogo wake mama yangu ni Mama Mapasa. Nimemwita hivyo tangu nijue kusema. Lakini mbele ya kioo kile niliona mistari inayofanana tu, na mistari inayofanana hunikera. Nikabonyeza ndiyo.

Siku ya kujaribu tuliweka kompyuta juu ya gunia la maharage, na mashine ya kuchapisha juu ya jingine. Papa alisimama mlangoni mwa boti akiita majina na kugawa jile, zile fulana za kuokolea majini, nami nikiandika. Jina la Mama Mapasa nililiandika mara tatu kwa vidole vyangu, na bado sikushtuka. Kisha nikachapisha.

Papa alisoma karatasi, akahesabu jile zilizobaki.

"Mademoiselle, jile nimetoa quarante. Karatasi yako inasema trente-huit."

"Arobaini kwa thelathini na nane? Labda papa umehesabu vibaya," nilisema. Ndiyo, nilisema hivyo.

"Miye? Nilianza kuhesabu batu hapa mbele uzaliwe," alisema, kwa Kiswahili chetu cha Bukavu kinachoita watu batu.

Ndani ya boti walianza kupiga kelele.

"Papa, twende! Hizi nanasi zitageuka pombe humu!"

"Muulize hiyo machine kama nayo inapanda!"

Kwa muda nilifikiria kuongeza mistari miwili yenye majina yoyote, ili hesabu ilingane na boti iondoke. Hakuna ambaye angejua. Vidole vilikuwa tayari juu ya herufi. Nilitazama ndani ya boti nikaona wanawake wanacheka, na sikuweza kujua ni wawili gani kati yao ambao nilikuwa nakaribia kuwatuma ziwani bila karatasi.

"Papa, ni mimi," nikasema. "Programu inafuta watu, na mimi ndiye niliyeikubalia."

Alipitisha kidole kwenye orodha mpaka alipofika. "Mama Mapasa iko moja. Na leo niko na batatu." Akaanza kucheka mpaka akashika tumbo. "Machine yako haiyazala mapasa, njo maana!" Yaani mashine yangu haijawahi kuzaa mapacha, ndiyo maana haikujua.

Nikaingia botini na kalamu. Nilitaka kuwatofautisha kwa majina ya kwenye kadi ya uchaguzi, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho, ili orodha ibaki safi. Wa kwanza alinipa lake akicheka. Wa pili, mwembamba, mwenye mkeka wa buluu magotini, alikataa.

"Andika Mama Mapasa."

"Mama, la kwenye kadi tu, ili..."

"Mapasa yangu balikufa bote, bangali badogo. Hili jina njo balinibakishia. Na lenyewe unataka kuliondoa?"

Papa akaita kutoka ukingoni, "Mademoiselle, andika: Mama Mapasa wa mukeka ya bleu! Ni vile miye naandikaka." Nikaandika hivyo, kwa mwandiko mbaya, chini ya karatasi safi. Wa tatu akawa Mama Mapasa wa nanasi. Watu arobaini. Boti iliondoka kwa kuchelewa, na mimi nilibaki bandarini, sikula, mpaka papa alipopigiwa simu kwamba wamefika wote.

Mwenye boti hakunifukuza. Aliamua daftari na kompyuta viende pamoja, na nakala ya bandarini isipokelewe mpaka papa aisaini. Zamani ningeona hilo ni kushindwa. Nililala vizuri.

Kanuni ile ya kuondoa majina niliifuta, nikaongeza safu ya zile alama ambazo papa huandika pembeni. Wiki moja baadaye, nikirekebisha jambo lingine, msaidizi aliniuliza tena, kwa adabu ileile, kama aondoe majina yanayojirudia. Hakumbuki cha jana. Kuna faili dogo la maagizo ambalo hulisoma kila anapoanza kazi, nami nilikuwa nimeliacha tupu kwa sababu sikupata maneno kamili. Nikaichukua kompyuta mpaka bandarini, nikamwomba papa aseme, niandike.

Alikuna kidevu. "Andika: bamama mapasa ni bengi. Batu babili bakiwa na jina moja, hapana kufuta. Uliza papa."

Niliandika kama alivyosema, sikusahihisha neno. Kisha nikamwomba msaidizi aweke hilo ndani ya programu yenyewe. Siku hizi jina likijirudia, uchapishaji husimama na kioo huonyesha maneno mawili: Uliza papa. Nami huinuka pale kwenye gunia, foleni ikininung'unikia, nikaenda kumuuliza.